Reli za Mkubwa, Reli za Mdogo

Mzazi wa mtoto mmoja halijui swali hili. Humfika mwenye wawili, siku ile mkubwa anapoletewa treni ya Lego yenye betri na reli nyembamba za kijivu, na mdogo wake bado anasukuma ile ya Duplo yenye mabehewa manene. Mkubwa anataka njia yake iwe ndefu. Mdogo anataka kuwa popote alipo mkubwa. Mzazi anatazama marundo mawili ya reli sakafuni, yote plastiki, yote ya kampuni moja ya Billund kule Denmark, anaona dawa i mkononi mwake: ziunganishwe, treni zote mbili zizunguke sebule nzima, ugomvi uishe.

Haziungani. Kipande cha Duplo humalizikia kwa ulimi mnene ambao mtoto wa miaka miwili anaweza kuulenga na kuupachika bila msaada. Kipande cha Lego humalizikia kwa vishikizo vidogo vya kubana. Ukizisogeza zikutane, zinabaki zimegusana tu, na behewa la kwanza kufika mpakani linalala ubavu.

Hilo halinishangazi. Kinachonishangaza ni kwamba vitofali vyenyewe vinaungana. Duplo ilipotoka mwaka 1969, walioibuni walikichukua kitofali cha Lego wakakizidisha mara mbili kila upande, urefu, upana na kimo. Kitofali cha Lego kina kimo cha milimita 9.6, cha Duplo 19.2. Kimoja kikubwa kinameza nafasi ya vidogo vinane. Halafu kuna jambo ambalo mnunuzi halioni mpaka ageuze vitu juu chini: vinundu vya Duplo viko wazi katikati, na mrija ulio tumboni mwa kitofali kidogo unazama humo ukashika. Mtoto wa miaka saba anaweza kuezeka paa la vitofali vyake juu ya ukuta uliojengwa na mdogo wake, na paa lisiporomoke. Kuna mtu alikaa mezani akamfikiria kaka mtu miaka mingi kabla kaka mtu hajazaliwa.

Sasa kwa nini hesabu hiyo nzuri haikufika kwenye reli? Treni za Lego zilianza mwaka 1966, za Duplo zikaja 1983, kwa hiyo muda wa kufikiri haukukosekana. Jibu, kwa maoni yangu, ni kwamba tofali hukaa na treni hupita. Kitu kinachokaa kinaweza kuvumilia kipimo cha mara mbili: kidogo kinapata mahali pake juu ya kikubwa, na kikubwa hakipungukiwi. Magurudumu hayana subira hiyo. Reli ama ni sawa na ekseli ama si sawa. Kwa treni, mara mbili haina tofauti na mara kumi: gurudumu halimo.

Kabla sijaendelea na reli, niseme kuhusu umri wenyewe, kwa sababu maboksi hubeba namba mbili na watu huzichanganya. Kwenye vitu vya kuchezea vinavyouzwa Ulaya kuna alama ya uso wa mtoto, ndani yake 0-3, umekatwa kwa mstari mwekundu. Hiyo ni onyo la sheria, na msingi wake ni koo. Marekani hupima kwa kopo dogo la duara lenye kipenyo cha milimita 31.7, na kitu chochote kinachozama chote ndani yake hakiruhusiwi kwenye mchezo wa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kitofali cha kawaida cha Lego chenye vinundu vinane kinazama chote. Kile cha mraba cha Duplo, chenye vinundu vinne, kina karibu milimita 32 kila upande, hakizami. Namba ya pili, ile ya 6+ au 7+, ni makadirio ya subira: mtoto atakaa muda gani na kitabu cha maelekezo kabla ya kukirusha. Namba ya pili mtu anaweza kuivunja apendavyo. Watoto wa miaka mitano waliojenga treni nzima wapo wengi, na watu wazima walioshindwa wapo pia. Ile ya kwanza haijadiliwi.

Ndiyo maana anayeuliza kama reli zinaungana ameuliza maswali mawili kwa mpigo. La pili ni kama sakafu ni moja. Njia inayotoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo itapitisha kila kitu, pamoja na taa za mbele, ekseli zilizochomoka na kile kichwa cha dereva ambacho hupotea siku ya pili. Sumaku za mabehewa ni hatari zaidi. Mtoto akimeza moja, huenda ikatoka yenyewe. Akimeza mbili kwa nyakati tofauti, zinatafutana tumboni na kuubana utumbo katikati yake, na hapo kazi ni ya daktari wa upasuaji. Treni imara haiachii sumaku zake ovyo, lakini iliyopasuka, au ile ya bei ya kutupa isiyo na jina, haina dhamana hiyo.

Mbao ina tabia nyingine, na hapa nakiri upendeleo wangu. Reli za mbao tunazoziona leo katika nchi nyingi zinafuata nyayo za Brio, kampuni ya Osby, Sweden, iliyoanzishwa na Ivar Bengtsson mwaka 1884 na kutoa reli zake za mbao mwaka 1958. Kipande kina upana wa milimita 40 na mifereji miwili ambamo magurudumu hupita. Upande mmoja kina kichwa cha mviringo, upande wa pili tundu la kukipokea kichwa hicho. Ikea hutengeneza za namna hiyohiyo, na wengine chungu nzima, na kwa kiasi kikubwa zinaingiliana. Mtu anaweza kununua seti ya jina kubwa mwaka huu, ya bei nafuu mwakani, akazimwaga kapu moja.

Siri yake iko kwenye ulegevu. Kichwa ni chembamba kuliko tundu lake. Ukishika vipande viwili vilivyoungana, vinacheza. Fundi seremala angeona aibu kuliacha kiungo hivyo, lakini ulegevu huo ndio unaomwokoa mtoto. Njia aliyoichora kichwani mwake, kona tatu hapa, daraja pale, tawi linalorudi nyumbani, mara nyingi haifungi kwa hesabu. Inabaki pengo la upana wa kidole. Basi kila kiungo kinatoa kidogo, kipande hiki kinapinda unywele, kile kinapinda unywele, mduara unafunga. Ungevibana vipande hivyo kwa usahihi wa mashine, mtoto angelia kila jioni.

Na reli hizo hazikuuliza umri. Wa miaka miwili anasukuma behewa mbele na nyuma kwenye vipande vinne. Wa miaka sita anajenga makutano na madaraja kwa vipande vilevile, akiongezewa. Kisichobadilika ni kipande, anayebadilika ni mtoto. Ubaya wa reli hizo ni ule wa dume na jike: ukigeuza kipande kimoja ili kona ielekee kulia, kuna mahali vichwa viwili vitakutana, au matundu mawili yatatazamana. Wauzaji hutoa viungo vifupi vya kutatua hilo, na viungo hivyo ndivyo vya kwanza kuingia chini ya kochi.

Umri wa mtoto ni jambo moja. Upo pia umri wa reli yenyewe, na hapa mambo yamekaa kinyume na mtu anavyotarajia. Kipande cha mbao cha miaka ya mwanzo bado kinaungana na cha leo. Treni ya Lego ya 1966 ilitembea kwenye reli za buluu, baadaye zikaja za umeme, kisha zile za volti 9 zenye chuma juu mwaka 1991, kisha za plastiki tupu, na muda wote huo nafasi kati ya reli mbili haikuguswa. Magurudumu ya zamani yanakaa kwenye njia mpya. Kwa hiyo treni ya utotoni mwa baba inaweza kupita kwenye reli za mwanawe, miaka arobaini katikati, ilhali kaka na mdogo wake, waliopishana miaka mitatu na kununuliwa vitu vyao duka moja, hawawezi kupitishana. Wabunifu walilinda urithi wakaacha udugu. Sisemi walikosea. Anayelinda urithi anamlinda mteja ambaye tayari amelipa.

Si wote waliolinda. Injini za mbao za Thomas, yule wa hadithi zilizoanzishwa na mchungaji W. Awdry mwaka 1945, kwa miaka mingi zilipita kwenye njia za namna ya Brio. Mwishoni mwa muongo uliopita kampuni ya Mattel ikaibadili familia ile ya mbao, reli zikawa na viungo vya namna nyingine, na mwenye kapu la zamani akahitaji kipande cha kupatanisha. Mwaka 2022 mtindo wa zamani ulirudishwa.

Kwetu swali hili mara nyingi huja limegeuzwa. Midoli mingi ya namna hii inatufikia kwa njia ya mitumba, imemwagwa juu ya turubai, haina boksi, haina umri ulioandikwa, reli za aina tatu kwenye mfuko mmoja na treni ya nne. Mzazi wa Dar es Salaam au Nairobi aliyeokota mfuko ule haulizi anunue nini. Anauliza, katika hivi tulivyonavyo, kipi kinakubaliana na kipi. Ni swali la heshima zaidi, naona. Mwenye mfuko mchanganyiko hufikiri kuliko mwenye seti kamili.

Na Mtanzania ana sababu ya ziada ya kulielewa, kwa kuwa nchi yake yenyewe ina reli za aina tatu. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914, ina geji, yaani nafasi kati ya reli mbili, ya mita moja, milimita 1,000. Jirani zetu wa Kenya walikuwa wameanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901 kwa kipimo hichohicho, kilichokuwa kikitumika India. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina milimita 1,067. Na hii SGR ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma mwaka 2024, ina 1,435. Kenya walitangulia na yao ya dizeli mwaka 2017.

Angalia zile mbili za kwanza. Kati ya 1,000 na 1,067 kuna milimita 67, haifiki upana wa kiganja. Mtu asiye mhandisi husema tofauti ndogo hivyo haiwezi kushinda watu, iwekwe reli ya tatu pembeni, kila treni ichague yake. Njia za namna hiyo zipo duniani. Vietnam, kutoka Hanoi kuelekea mpaka wa China, treni za mita moja na za 1,435 hutumia mataruma yaleyale, reli moja ya pamoja na mbili za kila mtu na yake. Lakini pale nafasi ni milimita 435, reli zinaenea. Kwenye milimita 67 hazienei, kwa sababu kitako cha reli moja peke yake ni kipana kuliko pengo lote. Ukaribu wenyewe ndio kizuizi. Zingekuwa mbali zaidi zingeweza kulala pamoja. Ni shida ya mpaka wa Mongolia na China pia, 1,520 na 1,435, ambako treni inayovuka hunyanyuliwa na abiria wakiwa ndani, ikabadilishwa magurudumu, ikateremshwa.

Kutoka hapo nimejenga imani ndogo kuhusu vipimo. Vitu vilivyopishana kwa uwiano kamili hupatana, vitofali vya Duplo na Lego ni ushahidi. Vitu vilivyo legevu hupatana, mbao ni ushahidi. Vilivyo karibu sawa, vikakazwa, bila uwiano na bila ulegevu, ndivyo visivyosikilizana.

TAZARA haikukosea kipimo, wala haikupima kwa pupa. Ilichagua jirani. Shaba ya Zambia ilitafuta njia ya baharini isiyopita Rhodesia wala Afrika Kusini, na reli za Zambia zilikuwa za 1,067. Kuungana na wa kusini kulimaanisha kutoungana na wa nyumbani. Mtoto mkubwa naye huchagua jirani: anataka reli za rafiki zake wa darasani, si za mdogo wake, na hana ubaya wowote moyoni.

Huko Kidatu, mkoani Morogoro, ndipo reli hizo mbili za Tanzania hukutana bila kuungana. Reli ya mita moja inashuka kutoka Kilosa, ya TAZARA inapita ikielekea nyanda za juu kusini, na mwishoni mwa miaka ya 1990 pakajengwa mahali pa kuhamishia mizigo. Kontena linanyanyuliwa kwa kreni kutoka behewa hili, linawekwa kwenye lile. Treni hazivuki. Kinachovuka ni shehena, na kontena lenyewe halijui geji.

Watoto wa jirani yangu hawajafika Kidatu lakini walikijenga. Dada mtu ana miaka minane, mdogo wake minne, umri ambao onyo la koo limeshampita, ingawa mama yake bado huhesabu vitofali kabla ya chakula cha jioni. Walipoona reli hazishikani, yule binti hakuhangaika nazo. Akajenga jukwaa katikati, treni yake ikasimama upande mmoja, ya mdogo upande wa pili, na mizigo ikaanza kuhamishwa. Niliwatazama muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Mzigo wa vitofali vidogo, ukipandishwa kwenye behewa la Duplo, unashika vinundu na kufika salama hata mdogo aendeshe kwa fujo. Kitofali kikubwa kikipandishwa kwenye behewa la dada hakishiki chochote, kimewekwa tu, na kwenye kona ya kwanza kinadondoka. Upatanifu ule mzuri wa mara mbili, kumbe, una mwelekeo: kidogo hujishikiza kwa kikubwa, kikubwa hakipati kwa urahisi pa kujishikiza kwa kidogo. Binti akaliona mapema kuliko mimi. Akatangaza kwamba mizigo inayokuja kwake ni lazima iwe vidogo, na kila kinachovuka kinalipiwa ushuru.

Mama yao ndiye aliyeniuliza kuhusu viungo. Alisikia kuna watu wanaochapa, kwa zile mashine za kuyeyusha plastiki tabaka kwa tabaka, vipande vya kuunganisha reli za Duplo na za Lego, na za Duplo na za mbao. Wapo kweli. Mwaka 2012 wasanii wawili, Golan Levin na Shawn Sims, walikwenda mbali zaidi: walitoa bure michoro ya viungo karibu themanini vya kuunganisha mifumo kumi ya michezo ya kujenga, Lego na Duplo zikiwemo, mtu achape mwenyewe. Ilikuwa mzaha nusu na hoja nusu, kwamba kampuni hazitaungana zenyewe. Nilimshauri yule mama asubiri. Kiungo kikifika kutoka ng'ambo, nilimwambia, mdogo atakuwa amekaribia miaka sita, atataka zile nyembamba, na dada yake atakuwa hataki treni kabisa.

Aliagiza hata hivyo, na kilifika mapema kuliko nilivyobashiri: kipande kimoja cha plastiki nyeusi, upande mmoja mnene, upande wa pili mwembamba, kimetengenezwa kwa ustadi. Alimkabidhi binti yake akamweleza kazi yake. Binti alikigeuzageuza, akakijaribu upande wa Duplo kikaingia, akakijaribu upande wake kikaingia. Kisha akakichomoa, akakipakia kwenye behewa kama mzigo mwingine wowote, akamwambia mdogo wake ushuru wa hicho ni vitofali viwili.